Fito za Tumbaku Mbele ya Kamera

Bani la pili la baba mdogo Nizigiyimana lilikaa misimu miwili bila moto, ndiyo maana nilipewa. Nilipomwomba niweke mitambo yangu humo alicheka, akasema kama panya hawana neno na yeye hana neno. Lilikuwa jengo la kukaushia tumbaku kama mengine yote ya Ulyankulu, la matofali ya kuchoma, refu na lisilo na dirisha. Urefu wake ndio nilioutaka. Ukifunga antena juu ya paa lake unaupata mnara wa simu ulioko upande wa Urambo. Ukiifunga juu ya nyumba yetu hupati nguvu ya kurusha picha kwa uhakika.

Shule niliachia darasa la tano, mama alipoanza kuvimba miguu na ikabidi mtu abaki naye. Baadaye alipata nafuu, nikapelekwa Tabora mjini kufanya usafi katika duka la Abbasi, fundi wa simu na kompyuta pale Mtendeni. Nilifagia miezi minne bila kusema zaidi ya shikamoo. Siku moja Abbasi aliona nimeunganisha waya alizoziacha mezani, akaniuliza nani kanifundisha. Nikaendelea kufagia. Akasema, "Wewe bubu, kesho ufagio mpe mwingine." Nilikaa naye miaka mitatu. Maelezo ya Kiingereza alinisomea yeye. Mengine niliyajua kwa kujaribu.

Kazi ya kurusha picha moja kwa moja niliianza kwa sababu ya dada yangu Veridiana. Aliolewa na Manirakiza, mtu wa kambi ya wakimbizi ya huko Kigoma, wakahamishiwa Kanada. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyeshika simu ili dada aone maziko kupitia mtandao ule unaotumiwa na watu wote. Jeneza lilipofunguliwa watu wamuage baba, picha ikakatika. Wenye mtandao waliona maiti, wakafunga. Veridiana hakuuona mkono wa baba ukiwekewa rozari, wala kaburi. Baada ya siku nyingi alinipigia akaniambia neno moja tu, na hakulirudia.

"Kwa mama sitaki hivyo, Espe. Nitengenezee njia yetu wenyewe, ambayo mtu mwingine hawezi kuifunga."

Nikamwahidi.

Ilinichukua mwaka mzima na nusu. Abbasi alinipa laptopu iliyovunjika kioo, nikaifanya seva. Niliiweka ndani ya bani juu ya ubao, na betri ya sola pembeni yake. Video haisafiri nzima. Laptopu ilipokea picha kutoka kwenye simu zangu mbili, ikazikata vipande vya sekunde chache chache, ikavituma kupitia antena hadi kwenye kompyuta ya kukodi iliyo mbali, na Veridiana akavipokea huko vikiwa vimeunganishwa tena. Ilichelewa sekunde ishirini. Mama alikuwa akimpungia mkono, tunahesabu pamoja mpaka ishirini, ndipo ujumbe wa dada unaingia: nimekuona.

Simu moja niliitunza kwa ajili ya siku yenyewe. Nyingine niliifunga kwenye mwimo wa mlango wa bani, ikitazama uani na kiti cha mama. Hiyo haikuzimwa. Kwetu saa tisa alasiri, kwake ni saa kumi na mbili asubuhi. Aliitazama akinywa chai kabla ya kwenda kwenye kiwanda cha nyama, ambako simu huachwa kwenye kabati mpaka jioni. Majirani waliizoea. Wanawake walipopita na kuni waliinama mbele yake wakasema shikamoo Kanada. Mama Minza, mke wa baba mdogo, alikuwa akimwonyesha sufuria ili dada ajue tunakula nini.

Mwezi wa pili mwaka huu mama hakutoka tena ndani. Kiti kilibaki uani peke yake. Veridiana aliandika kila siku kuuliza, nami nilimjibu kwamba hali si nzuri. Mvua zilikuwa kubwa. Ukuta wa bani la kwanza la baba mdogo ulianguka usiku mmoja, wakati majani yamekwisha kuiva shambani. Walichuma hivyo hivyo siku mbili, wakayarundika chini ya turubai, huku wakisubiri mtu wa kuja kujenga ukuta.

Mama alikata roho siku ya Alhamisi, saa nane mchana. Ndani tulikuwa watatu: mimi, baba mdogo na Mama Minza. Baba mdogo alivua kofia, akasali Baba Yetu mpaka mwisho kwa Kirundi. Kisha akafunga mlango.

"Asilie mtu kwanza," akasema.

Kwetu akifa mtu, jembe linawekwa chini. Siku nne hakuna anayegusa shamba wala mazao, si wa nyumba hiyo wala jirani, na anayegusa hatasahauliwa. Lakini moto wa bani ukiwa umekwisha kuwashwa, hauzimwi. Mtu mmoja anaruhusiwa kuuchochea, kwa sababu hata wazee walilima tumbaku. Baba mdogo alitueleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Majani yale yakikaa siku nne chini ya turubai yatakuwa meusi, na mwaka umekwisha. Alitaka saa tatu tu. Shemeji yake angemwelewa, alisema, yeye mwenyewe alikuwa mkulima. Mama Minza alijiziba mdomo kwa kanga, akatikisa kichwa kukubali.

Mimi nilielewa ni bani lipi. Lilikuwa limebaki moja.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sentensi nilikuwa nayo, fupi, ya watu wote kuielewa: nilimwahidi Veridiana. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo siamini kwamba angenipiga au kunifukuza. Angeweza hata kupata njia nyingine. Lakini alikuwa akinitazama, na mimi nikitazamwa maneno hunirudi tumboni. Nikaangalia sakafu. Akachukulia nimekubali, akatoka.

Aliwaambia majirani mama yetu Katarina amelala, ana nafuu kidogo, waje wamsaidie kufunga majani mvua isije. Walikuja wanawake saba. Wakakaa uani katika mstari wakifunga majani kwenye fito, na kwa kuwa hawakujua kitu, walifanya kama siku zote. Mmoja alimtania mwenzake kwamba mafundo yake yamelegea kama mkanda wa mumewe. Wakacheka. Wakaimba. Wanaume wakazibeba fito na kuzipanga ndani ya bani kuanzia juu, wakipita mbele ya kamera yangu mmoja baada ya mwingine. Nilikaa kati yao nikafunga majani. Utomvu wa tumbaku unanata vidoleni, unageuka mweusi; nilikuwa navitazama vidole vyangu tu.

Saa tisa na robo simu ilitikisika mfukoni. Veridiana alikuwa ameandika hivi:

"Nimewaona mnafunga tumbaku, mnaimba. Asante Mungu. Nilikuwa nimeomba ruhusa nisiende kazini leo, moyo ulikataa kabisa. Sasa naenda. Msalimie mama."

Niliusoma mara mbili. Mtu wa nchi nyingine angeiona picha ile asijue lolote. Dada yangu alizaliwa uani pale. Alijua kwamba nyumba yenye msiba haifungi tumbaku, kwa hiyo alichokiona kilimtosha kuliko maneno yangu yote ya wiki mbili. Nilikuwa na dakika kama kumi kabla hajaiweka simu kabatini. Ningempigia, angelia, angepiga kwa ndugu wote wa Ulyankulu, na kabla fito hazijaisha watu wangekuwa wamejaa mlangoni. Niliirudisha simu mfukoni. Nikachukua ufito mwingine.

Baadaye baba mdogo alinijia, akaniambia kwa upole nitoe dude langu, wanataka kuwasha. Niliingia chini ya majani yaliyoning'inia. Nilichomoa betri kwanza, kisha waya, kisha nikaibeba laptopu kifuani. Antena ilibaki juu, lakini waya wake ulipita ndani ya bani tangu paani, nao usingevumilia ule moto. Nikaukata kwa kisu. Kuielekeza antena ile kulituchukua mimi na Abbasi siku tisa. Kamera ya mlangoni niliifungua mwisho.

Moshi ulipotoka, baba mdogo aliingia ndani kwa mama, akakaa kidogo, akatoka bila kofia. Mama Minza akapiga yowe. Wale wanawake saba waliliacha jungu la uji waliopikiwa pale pale, wakaanza kulia, na mikono yao bado myeusi.

Veridiana alizipata habari alipofungua kabati jioni yake. Si kwangu. Alikuta pole kumi na nne za watu. Aliponipigia alilia, kisha akatulia, akauliza jambo moja: njia iko tayari? Nikamwambia mtandao umekatika. Aliuliza hata kidogo? Nikasema hata kidogo. Akasema basi nimrekodie, si kosa langu. Maneno hayo, si kosa langu, aliyasema kwa huruma.

Tulizika kesho yake mchana. Bani lilikuwa likitoa moshi nyuma ya watu, na binamu mmoja alikuwa akitoka kila mara kwenda kuchochea. Nilisimama karibu na kaburi na ile simu niliyoitunza, nikarekodi kila kitu, rozari mkononi, uso wa mama, udongo. Anakleti, katekista wetu, alisoma maisha ya marehemu. Karatasi aliandikiwa na baba mdogo. Mzee yule aliweza kuficha mauti kwa saa tatu, lakini mbele ya msalaba hakuweza kuandika saa ya uongo. Anakleti akasoma: amefariki jana saa nane mchana.

Wale wanawake walitazamana. Mmoja alificha mikono ndani ya kitenge.

Nilisikia, na nilijua rekodi imesikia pia. Kukata kipande ni kazi ya dakika moja kwangu. Ndiyo kazi niliyoijenga. Nilikaa nayo mpaka Jumatatu, nikapanda pikipiki kwenda Kaliua kwenye mtandao wa uhakika, na kidole changu kilikuwa juu ya kipande kile. Sikukikata. Sijui kama ilikuwa ni kwa ajili ya ukweli au ni kwamba nilitaka mtu mwingine aseme badala yangu. Nikaituma nzima.

Jibu lilikuja kesho yake.

"Saa nane mama alikufa. Saa tisa niliwaona mnacheka. Na wewe ulikuwepo, Espe, umevaa blauzi ya bluu."

Hakuandika tena.

Tumbaku ilitoka nzuri, ya rangi ya dhahabu, kila mtu alisema hivyo. Bani lilipopoa, baba mdogo mwenyewe alinipandia ngazi kufunga waya mpya, na alilala chali juu ya paa siku mbili nikimwelekeza antena, kushoto, kulia, kidogo tena. Laptopu iliwaka mara ya kwanza. Paroko anataka turushe misa ya Pasaka. Sasa Abbasi anasema kazi yangu ni nzuri kuliko yake.

Kamera ya mlangoni nimeirudisha mahali pake. Kila siku saa tisa alasiri baba mdogo anakuja kusimama mbele yake, karibu na kiti. Anavua kofia. Anamwita Veridiana kwa jina la utotoni, anamwomba msamaha kwa Kirundi, anamweleza kuhusu ukuta ulioanguka na majani chini ya turubai. Kisha anahesabu mpaka ishirini, taratibu, kama mama alivyokuwa akihesabu, halafu ananigeukia kuniuliza kama amemwona.

Seva huonyesha idadi ya wanaotazama. Tangu siku ile ni sifuri.

Namjibu ndiyo, baba mdogo, amekuona.