Bangili za Bi Sabiha

...na uji ukishapoa hufunga utando juu, utando wa manjano wa samli, na Asmahani anautazama huo utando ili asimtazame somo yake, Bi Mwanasha, kungwi anayemlea humu ndani, aliyekaa mlangoni pa chumba kama kufuli, maana kule ukumbini Bi Sabiha, mama wa bwana harusi, ameshafika, sauti yake ndiyo ile, anamsalimia mama, anausifu mkeka, na mkeka ukishakwisha kusifiwa ataingia humu na bangili zake mbili za fedha, zile zile alizozileta siku ya kwanza akasema kwao, ukoo wa Kombo, mwali hatolewi ndani mpaka bangili zimkae, zisicheze, na siku ile zilicheza, zilimteremka mkononi zikaanguka sakafuni, wanawake wakacheka, hata mama alicheka, kicheko cha mtu aliyeaibika, na tangu siku ile ni siku arubaini, uji asubuhi, uji adhuhuri, uji baada ya alasiri, mtama na maziwa na samli na asali, mlango umefungwa, jua analiona kwa kipande tu, pale kidirishani...

"Malizia, mwali," anasema Bi Mwanasha, na si kwa ubaya, Bi Mwanasha hana ubaya, kila jioni humpima mkono kwa uzi wa kanga huku akimtania, ufito huu, tutaezekea nyumba ya nani, na Asmahani hucheka naye, kisha taa ikizimwa huushika huo mkono gizani na kuuchukia, kwanza aliuchukia mkono, halafu uji, halafu harufu ya chakula chochote, hata samaki akikaangwa uani hugeuka ukutani, yeye, Asmahani, aliyekuwa akigombea kichwa cha samaki... na laiti wangejua, nusu ya uji haikuingia tumboni, ilipita kidirishani kila somo alipokwenda kuswali, chini pale hungoja bata wa mama, na bata huyo sasa hawezi kuvuka kizingiti, mama amewaambia majirani labda ni mgonjwa, labda ana mayai, ya Rabi, aliyewekwa ndani ni yeye na aliyenenepa ni bata, angecheka, lakini leo somo hainuki, ameshaswali mapema, kidirisha hakina faida tena, na zile bangili zitaanguka, ataambiwa arubaini nyingine, arubaini nyingine humu, halafu mtaa mzima wa Ngamiani utasema mama ana mkono wa birika, amemnyima mwali chakula, mama aliyeuza pete yake anunue samli...

Mkeka bado unasifiwa, sasa wamefika kwenye rangi zake, na mkono umelala pajani, mwembamba, mshipa mmoja wa kijani, kovu dogo karibu na kiwiko, hilo kovu la Maramba, la jembe, mwaka ule alipokaa kwa bibi mzaa baba, wakilima muhogo tangu alfajiri, na mkono huu huu ulichimba, ulibeba tenga kutoka shamba la bondeni hadi mlangoni bila kupumzika, hakuna aliyeupima kwa uzi, na mchana bibi alipakua ugali wa muhogo wa moto na mchuzi wa samaki wenye ndimu, njaa ilikuwa njaa kweli, alikula vidole vikimuungua, na bibi alimwacha ale mpaka alipopunguza mwenyewe, ndipo akauliza, sauti ya chini, kama anamuuliza mtu mkubwa, "Umeshiba?" na Asmahani akisema nimeshiba, bibi alichukua kawa akafunika, basi, hakusema ongeza, hakusema umekula sana, alifunika tu wakaenda kulala kivulini... Umeshiba. Neno lenyewe lile. Siku arubaini humu ameambiwa kula, malizia, kunywa, meza, wala hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ameshiba, wala kama ana njaa, na yeye mwenyewe hajajiuliza, alikuwa na kazi ya kumwaga...

"Uji unapoa, mwanangu," anasema somo, na ukumbini kumekuwa kimya, kikombe kinawekwa chini, na Asmahani anasikia, cha ajabu, kitu kingine, tumbo linanguruma, ni njaa, ameisahau sauti yake mpaka ameishtukia, anachukua upawa mdogo, anatoboa utando, anakunywa, na mtama una ladha, kumbe una ladha, wa kuungua kidogo chini ya sufuria, anakunywa tena, na tena, polepole, si kwa ajili ya bangili, bangili haziwezi kujazwa kwa pawa tatu, anajua, zitaanguka na mama ataona haya na yeye itamlazimu amweleze mama habari za bata, ataeleza, anaogopa na ataeleza... anasita, anajiuliza kwa sauti ya bibi, anangoja jibu, linakuja. Bakuli lina nusu. Anavuta kawa, analifunika.

"Nimeshiba, somo," anasema, na nje kandambili za Bi Sabiha zinaburuzika zikikaribia, mlango bado umefungwa, na Asmahani anaukunjua mkono wake wenye kovu, anaunyosha mbele, anangoja.