Mbonyeo wa Beathag

Fundi Farquhar aligonga ubavu wa mtambo wa shaba kwa nyundo yake ndogo, akasikiliza, kisha akamtazama Seonaid kwa huruma.

"Mtambo umechoka, dada. Mkiuwasha tena utapasuka."

Bila mtambo hakuna wiski, na bila wiski familia ile haikuwa na kazi nyingine yoyote. Hata hivyo mzee Torquil, baba yake Seonaid, aliweka ngumu kuhusu mtambo mpya. Huku kwetu mtambo mpya hufuata ule wa zamani hadi kila mahali palipobonyea, kwani ladha hukaa humo. Anayebisha na abishe, lakini asije kununua.

"Nitanakili mibonyeo yote, mzee," Farquhar aliahidi.

"Isipokuwa ule wa Beathag. Huo fundi haugusi."

Beathag alikuwa mke wa mzee, mama yake Seonaid. Seonaid alipokuwa mchanga, Torquil alimlaza juu ya magunia ya shayiri, akaenda zake baa, akamsahau. Aliporudi, Beathag alimpokea kwa kumrushia beleshi. Lilimkosa, likaupata mtambo. Wiski ya mwaka ule ilipokomaa watu walilamba midomo, na hakuna aliyethubutu kupanyoosha pale palipobonyea. Sasa Beathag alikuwa kaburini, na mzee alikuwa na mazoea ya kupapasa pale kila asubuhi.

Mtambo mpya ukaletwa, ubavu mmoja umeachwa laini. Mzee akakataa katakata usiwashwe kabla ya kubonyezwa hapo.

"Wewe una mkono wa mama yako," alimwambia Seonaid, akimkabidhi beleshi. "Rusha."

"Baba, acha utani."

"Rusha!"

Akarusha. Halikuacha hata mkwaruzo; akaliokota.

"Huna hasira wewe. Supu yako ya jana ilikuwa maji matupu."

"Na ukamaliza bakuli mbili."

Mzee akacheka. "Basi nikwambie la kweli. Kazi ikianza, mimi nahamia mjini Oban kwa shangazi yako. Funguo nakuachia."

"Unasemaje? Mama kaondoka, na wewe unaniacha peke yangu na mapipa haya?"

Beleshi likaruka, likapita karibu na sikio la mzee, likabamiza shaba. Jengo zima likalia.

Walisogea kutazama. Palikuwa pamebonyea vizuri, ila juu mno, tena upande usio wake.

"Nimeharibu," alisema Seonaid, machozi yakimtoka. "Si mahali pa mama. Ladha itabadilika."

Torquil alipapasa shaba kwa kiganja, taratibu. Alimpenda mwanawe wakati ule kuliko alivyowahi kumwambia.

"Itabadilika," alikubali. "Wiski ya Beathag imekwisha, mwanangu. Hii ni yako."

"Na Oban?"

"Nitaenda. Ila lazima kwanza niionje hii ikishakomaa."

"Baba, hiyo ni miaka kumi na miwili!"

"Basi unangoja nini? Washa."