Nguzo ya Arobaini na Moja

Saa nne asubuhi Mervyn Gault alikuwa akipaka siagi mkate wa magadi, akiizunguka nguzo ya simu iliyosimama katikati ya jiko lake. Ilikuwa imeingia tangu Machi. Aliikatia tundu kwenye paa, akaziba pembeni kwa lami, na vitambaa vya vyombo akavitundika kwenye msumari wake, maadamu ulikuwepo.

Ilikuwa nguzo ya arobaini na moja katika mzunguko wa Drumskeagh, maili saba za barabara ya kupitisha ng'ombe na maziwa, isipokuwa Jumamosi moja ya Agosti inapofungwa kwa mbio za pikipiki. Mbio zilianza mwaka 1926, wakulima wawili walipobishana pikipiki ya nani ina kasi. Kwa miaka ishirini na tano hakuna aliyekinga nguzo wala ukuta. Waliokufa walizikwa, walio hai wakajaza mafuta. Ndipo wakulima wakaanza kufunga marobota ya mabua ya shayiri kwenye kila kitu kigumu kando ya njia. Kazi hiyo ilikuwa ya baba yake Mervyn, kisha ikawa yake, naye akaionea fahari.

Mwaka 1974 jua lilikuwa kali na mkewe Isobel alikuwa na nyonga mbovu. Mervyn akafungua robota la nguzo ya arobaini na moja, akamwekea ukingoni mwa shamba alikalie. "Dakika kumi tu," alisema, kisha akasahau. Fintan Tarpey, kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliteleza kwenye kona akaigonga nguzo tupu. Isobel aliona yote, amekaa juu ya robota. Mervyn alilirudisha kabla wasimamizi hawajafika. Kwenye uchunguzi wa kifo aliulizwa kama nguzo zote zilikuwa zimekingwa, akajibu ndiyo. Ikaandikwa kwamba marehemu alizidisha mwendo.

Mwaka uliofuata nguzo ilipiga hatua moja kutoka barabarani. Watu wa simu wakaja wakaongeza waya. Ikawa inasogea kila mwaka, ikavuka uzio, ikapita shamba la viazi bila kuvunja tuta hata moja.

"Nguzo yako iko mlangoni," jirani yake Hubert alimwambia mwaka jana.

"Naiona."

"Haijapiga hodi?"

"Bado."

Isobel hakuwahi kulitaja jambo lile hadi siku aliyokata roho. "Mwambie yule mama," alisema. Mervyn akaahidi.

Yule mama, Bridie Tarpey, mzazi wa Fintan, alikuja kwa basi kutoka Meath kila wiki ya mashindano. Sasa alikuwa na miaka themanini na minne. Asubuhi hiyo aliingia, akavua koti lililolowa, akalitundika kwenye nguzo.

"Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo, Bi Bridie."

"Imetembea." Akaketi, akamega mkate. "Watu wananisema, eti kaburi la Fintan halina jiwe. Nimwekee jiwe mtu aliyejiua kwa kiburi, akaacha mke na mimba? Wewe ulimfungia robota lako vizuri, yeye akaja mbio kama ana roho ya akiba."

Mervyn alimimina chai.

"Daktari kanipa mpaka Krismasi," Bridie akaendelea. "Sitaki nimkute huko nianze kumgombeza bure. Nikuulize, Mervyn. Kulikuwa na jambo jingine siku ile? Lolote?"

Nguzo ililia kidogo, kama mbao zinavyolia mvua ikikatika. Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini ya Mervyn yalikuwa yamezeeka pamoja naye. Aliona aibu, aibu ya kweli, hadi masikio yakawaka moto. Maneno yenyewe yalikuwa machache, hata mtoto angeyasema.

"Hakukuwa na kitu," alisema. "Ongeza chai."

"Basi hana jiwe," Bridie akasema, akachukua maziwa.

Mervyn alimsindikiza hadi kituoni. Bridie akamshukuru kwa marobota yake, kama kila mwaka, akambusu shavuni.

Alipoamka kesho yake nguzo ilikuwa chumbani, imetoboa godoro upande wa Isobel. Matone ya mvua yalikuwa yakiingia kupitia paa. Mervyn akasogea ukutani, akaipa nafasi.