Nyuma ya Kabati

"Nyumba inidanganye mimi?" Wembe alisema, akamzungusha mteja kitini kama anayemwonyesha dunia. "Nyumba ya kunidanganya mimi haijajengwa, na fundi wake bado yuko tumboni."

Wateja wakacheka. Wembe alikuwa kinyozi, lakini jina hilo hakulipata kwa kazi. Alilipata kwa ulimi. Kwenye kiti kile walikuwa wameketi mafundi wa kila namna, wa bomba, wa umeme, wa kuezeka, na kila mmoja, akiwa na shuka shingoni na hana pa kukimbilia, alimwachia siri mbili tatu za ufundi wake. Basi alipoamua kununua nyumba, ya kwanza maishani, tena kuukuu ya kukarabati maana mpya kwake zilikuwa za kutazamwa kama mwezi, alijiona ana chuo kizima kichwani.

Haikuwa tamaa ya makuu. Mama yake aliishi nao, yeye na mkewe, katika vyumba vya kupanga vilivyokaa chini ya usawa wa barabara, na unyevu wa kule ulikuwa umemwingia kifuani. Daktari alisema maneno machache, lakini yalitosha: mtoeni huyu mama penye unyevu, kifua chake hakitahimili msimu mwingine wa mvua.

"Basi nitoeni kabla sijaota uyoga," mama alisema. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikujua pa kuishia.

Walizunguka sana. Mkewe Wembe, mwalimu wa chekechea, mwenye pua ya kumjua mtoto aliyejikojolea hata akiwa mstari wa nyuma kabisa, alizikataa nyumba moja baada ya nyingine. Hii inanuka. Ile ina ufa unaomeza kidole. Siku ya kwenda kuiona nyumba ya karani mmoja mstaafu, yeye alikuwa na kikao cha wazazi.

"Nenda peke yako," akamwambia mumewe. "Lakini tazama kuta. Paa litazibwa, nyaya zitabadilishwa. Ukuta unaokunywa maji ndio utakaomuua mama."

"Mwalimu, unamfundisha kuku kuchakura?"

Na kukagua alikagua, tusimwonee. Alifungua bomba zote kwa mpigo aone kama maji yatakonda. Alichoma miimo ya milango kwa bisibisi akitafuta mchwa. Aliweka gololi sakafuni, ikatulia kama mtoto aliyeogopeshwa. Alipanda darini akashuka na utando wa buibui kichwani, karani akamwambia, "Kijana, umepanda bila mvi ukashuka nazo." Alifungua hata kisanduku cha fyuzi akakunja uso kidaktari, ingawa hakujua anatazama nini. Kasoro zilikuwepo, lakini za kusemeka mbele za watu. Na palikuwa na ua mdogo wa nyuma, umejaa jua. Akilini alimwona mama yake ameketi pale kwenye kigoda, anamkejeli.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kabati zito la mbao. "Hilo linabaki," karani alisema. "Zawadi yenu." Simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea.

Wembe akalikumbatia kabati, akalisogeza.

Ukuta wa nyuma yake ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, weusi wenye manyoya. Akaushika. Lipu ilimegeka chini ya ukucha kama mkate uliochovywa kwenye chai. Harufu ikamjia, ileile ya vyumba vya kupanga, kama mtu wa mtaani kwao aliyemfuata mpaka huku.

Hapo ndipo ukinyozi ulipomponza. Kinyozi hashtuki akiona kasoro. Kazi yake ni kujua nywele zipi zilazwe upande gani. Makovu, vipara, vichwa vyenye pembe kama sanduku, vyote alishavificha, na wenye navyo wakasimama mbele ya kioo wakatabasamu. Akajisemea: nitaukwangua kabla ya mvua, nichimbe mtaro kule nje, nipake rangi, nani atajua? Tena alikuwa amechoka. Amechoka kurudi nyumbani na "bado", kisha kulala akisikiliza kikohozi upande wa pili wa ukuta. Akalirudisha kabati mahali pake, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Umeridhika?" karani akauliza aliporudi.

"Kama bwana harusi."

Jioni mkewe aliuliza swali moja tu. "Na kuta?"

"Kavu kama kisogo nilichokinyoa sasa hivi."

Wakahamia. Jirani wa nyuma, fundi cherehani, mwanamke mtu mzima mwenye sindano kifuani muda wote, aliwaletea mapazia aliyoyaunga kwa mabaki ya vitambaa. Mama akayatazama yalivyotundikwa. "Madirisha yamekuwa kama wake wenza," akasema. "Hakuna aliyekubali kuvaa sare na mwenzake." Fundi akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, na urafiki ukaanzia hapo.

"Mama atalala chumba cha nyuma," mkewe Wembe alisema. "Hakuna kelele za barabara, na jua la uani linaingia asubuhi."

Wembe akadakia upesi. "Kwa nini asichukue cha mbele?"

"Cha mbele vumbi tupu, na kifua chake unakijua. Kwani cha nyuma kina nini?"

Mlango ulikuwa wazi; ilikuwa ni kuingia na kusema. "Hakina kitu," Wembe akajibu. "Nilikuwa nimekipenda mwenyewe."

Kukwangua alikusudia. Lakini kukwangua kunataka kabati lisogezwe, kusogeza kabati kunataka maelezo, na maelezo yaliyolazwa siku nyingi huamka na hasira. Siku moja mkewe akiwa kazini na mama anaota jua uani, aliupaka ule ukuta rangi ya mafuta, harakaharaka, akalirudisha kabati. Harufu ya rangi akasema ni ya dirisha alilolipaka. Mtaro akausogeza mpaka Jumapili, na Jumapili zina ndugu wengi.

Mvua haikubisha hodi. Kumbe ardhi ya nje ilikuwa juu kuliko sakafu ya ndani, jambo ambalo mafundi wa kwenye kiti hawakumwambia, au walimwambia mashine ikinguruma. Maji ya paa lisilo na mfereji yalishuka palepale, yakatuama, yakaanza kuunywesha ukuta.

"Mwanangu," mama alimwambia asubuhi moja. Alikuwa ameketi kitandani, maana kulala chali kulishamshinda. "Ukuta huu unatoka jasho. Hebu uulize kama na wenyewe una homa."

Wembe akacheka. "Nitauletea dawa, mama."

"Lete upesi, tugawane."

Alimhamishia chumba cha mbele siku hiyohiyo, akamwambia mkewe kule kuna joto zaidi. Lakini kifua hakirudi kilikotoka eti kwa kuwa kitanda kimehama. Hospitali wakamlaza, wakamruhusu, wakamlaza tena. Safari ya mwisho waliorudi nyumbani ni wawili, na khanga zake kwenye mfuko.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, mkewe aliingia chumba cha nyuma kukusanya vitu vya mama. Wembe alimkuta ameketi sakafuni. Kabati lilikuwa limesogezwa. Rangi ya mafuta ilikuwa imevimba malengelenge, na palipopasuka kuvu ilikuwa ikichungulia.

"Ni mimi," mkewe alisema. "Mimi ndiye niliyemchagulia chumba hiki. Ulisema cha mbele, nikakubishia. Nimemlaza mama yako humu kwa mikono yangu."

Neno moja tu lingetosha. Wembe alipiga magoti akamshika mkono.

"Hukujua," akamwambia. "Nani angejua? Yule karani alipaka rangi juu ya uozo, akatuwekea na kabati mbele. Ametufanya watoto."

"Lakini ningelisogeza. Ningekuja mwenyewe siku ile, ningelisogeza."

"Basi, mke wangu. Basi."

Fundi cherehani alikuwa amefika mlangoni na chupa ya chai. Akaiweka chini, akajikokota hadi pale, akamkumbatia yule mwalimu, naye akalia kwa sauti kama mmoja wa watoto wake wa chekechea.

"Usijilaumu, mwanangu," fundi alimwambia akimpapasa mgongo. "Mngefanya nini zaidi? Hiki chumba kilikaguliwa. Mimi nashonea pale dirishani, na siku ile humu hamkuwa na pazia. Nilimwona mumeo kwa macho yangu haya. Alilisogeza kabati lenyewe hili, akainama, akaushika ukuta, akautazama weee, ndipo akalirudisha. Nikasema moyoni, huyu kijana ni makini. Kama palikuwa na ubaya, angeuona."

Kilio kikakatika. Mkono wa mkewe ulikuwa bado ndani ya mkono wa Wembe. Haukuchomoka, ulitulia tu, ukawa mzito. Akainua uso wake wenye machozi, akamtazama mumewe, na alipouliza, aliuliza taratibu, kwa sauti anayoitumia na watoto.

"Ulipoushika, ulikuwaje?"