Ukuta wa Kisima

Niliuvuta utepe kutoka kisimani, nikausoma. Kutoka ukingoni hadi kwenye maji ni mita kumi na moja, kama mwaka jana, kabla machimbo ya mawe hayajafunguliwa ng'ambo ya barabara.

"Si nilisema?" meneja wa machimbo akacheka. "Baruti zetu hazinywi maji. Weka sahihi kwamba maji hayajashuka, mpimaji, tusipotezeane muda."

Kalamu ikanigomea. Mama mwenye kisima alikuwa akivuta ndoo huku akiguna.

"Mama, mbona unainama hivyo?"

"Nifanyeje, mwanangu? Zamani nilikuwa naegemeza kifua ukutani. Hawa wa machimbo wakaja kunikarabatia bure, wakaniachia ukuta huu wa magotini. Na asante nikawapa!"

Damu ikanichemka. Tulikuwa tumepigwa changa la macho mchana kweupe: ukuta ulishushwa kwa kiasi kilekile maji yalichoshuka, utepe ungejuaje?

"Simama wima, mama."

Nikapima kutoka ukingo mpya hadi kifuani pake: sentimita sabini. Meneja hakuwa anacheka tena.

"Maji yameshuka sentimita sabini," nikasema, nikaandika, nikaweka sahihi.

Mama akaitua ndoo, akamgeukia meneja.

"Basi nirudishie asante yangu."