Gawanya kwa Sitini

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Mwiko alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni yenye wanafunzi mia tatu, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyelala njaa. Alijivunia jambo hilo bila haya. Tatizo ni kwamba alipostaafu na kuhamia kwa mwanawe, mikono yake haikustaafu. Mkono uliozoea kutia chumvi ya watu mia tatu huwezi kuuambia tu, "Basi, sasa tuko watano." Unamwaga kwanza, unasikia baadaye.

Krismasi iliyopita alikabidhiwa jiko, na familia ikala wali ule ule mpaka mwaka mpya: wa kupasha, wa kukaanga, wa asubuhi na chai. Mwanawe, fundi umeme ambaye mdomo wake hauna breki, akaugeuza mkasa huo kuwa hadithi ya kuwavunja wageni mbavu. Tangu hapo Bi Mwiko hakupika tena. Alipewa vitunguu amenye, tena vya kuhesabiwa. Siku moja akamsikia mwanawe akisema kwenye simu, "Mama siku hizi tumempumzisha," na maneno hayo yakamchoma kuliko mvuke wowote uliowahi kumrukia. Mtu na akili zake timamu, eti amepumzishwa!

Kwa hiyo zilipobaki siku tatu, familia ikiwa imeketi sebuleni kujadili kitakachopikwa Krismasi, Bi Mwiko aliingia akasimama katikati ya zulia.

"Mwaka huu napika mimi," alisema, kwa ile sauti yake ya kushindana na masufuria. "Napika cha watu watano. Kikizidi hata sahani moja, sikanyagi tena jikoni humo."

Mwanawe akamtazama mkewe. Mkewe, karani wa mahakama, mwanamke mpole anayepiga chafya kwa kuomba radhi, akatazama dari.

"Sawa, Mama," walisema pamoja, haraka mno.

"Haya, semeni mnataka kula nini."

Hapo kila mtu akapata ulimi. Fundi umeme alitaka samaki mzima wa kuokwa. Mkewe alitaka nyama laini ya ng'ombe. Kidude, mjukuu wa miaka sita, alitaka soseji na aiskrimu, sahani moja, vichanganywe.

"Samaki niliwahi kupika mara moja tu," alisema Bi Mwiko. "Watoto mia tatu na miiba. Nesi wa shule hakuniamkia mwezi mzima. Sirudii."

"Nyama je, Mama?" aliuliza mkwewe.

"Nyama yetu haikuwahi kuwa laini, mwanangu. Nisikudanganye."

Ndipo Kalamu, mjukuu mkubwa wa miaka kumi na miwili, anayeitwa hivyo kwa sababu kalamu haimtoki nyweleni, akauliza swali la maana.

"Bibi, vipimo vya mia tatu unavikumbuka?"

"Kuliko jina langu."

"Mia tatu gawanya kwa watano ni sitini. Basi tuchague chakula ulichowahi kupika bwenini, kisha kila kitu tugawanye kwa sitini."

Bi Mwiko alimkumbatia mpaka kalamu ikaanguka. Wakaingia chumbani wawili hao, wakajifungia, wakaanza kuamua Krismasi kwa hesabu. Maharage yakatupwa nje kwa kuwa ni ya kila siku. Kabichi ikatupwa nje kwa kuwa Bi Mwiko aliichoka tangu mwaka wake wa pili kazini. Mayai yalipendekezwa, lakini mia nne hamsini kwa sitini yalileta mayai saba na nusu, na Kalamu akasema nusu yai ni ugomvi. Mwishowe Bibi akapiga paja.

"Siku ya kufunga shule! Kuku sitini!"

"Kuku mmoja!" alipiga kelele Kalamu.

"Vitunguu mia na ishirini!"

"Viwili!"

"Nyanya mia tatu na sitini! Mchele kilo arobaini na tano!"

"Nyanya sita! Mchele robo tatu ya kilo!"

Walicheka mpaka Kidude akaja kugonga mlango akidhani wanakula kitu. Kuku wa mchuzi na wali: limepita. Chumvi ndiyo iliwatoa jasho, kilo moja na nusu kugawanya kwa sitini, gramu ishirini na tano, ikabidi waazime mizani kwa jirani wa mlango wa pili.

Siku yenyewe Bi Mwiko aliamka alfajiri akaingia jikoni. Sufuria ilikuwa ndogo hata akaogopa kuikoroga. Bwenini alizoea kuonja kwa upawa. Hapa upawa mmoja ungemaliza mchuzi, ikabidi aonje kwa ncha ya kijiko cha chai. Mara tatu mkono ulikwenda kwenye mfuko wa mchele kutafuta nyongeza, na mara tatu Kalamu akasema, "Bibi, sitini," bila hata kuinua macho. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na nafasi ya kumgeuza kuku upande mmoja, akasubiri, akamgeuza wa pili, akanusa, akapunguza moto. Mia tatu hawakuwahi kumpa nafasi hiyo.

Saa saba mchana alipakua. Sahani tano. Sufuria ikabaki tupu, inang'aa. Bi Mwiko aliiinua juu ya kichwa chake akaizungusha jikoni, akicheza, na magoti yake yakasahau umri.

Mlango ukagongwa.

Walikuwa mafundi umeme wanne, wamevaa mashati ya kupigwa pasi, na kreti ya soda. "Tumekuja kusaidia wali!" alisema wa mbele, kisha akamwona mwenye nyumba akimkonyeza kwa macho yote mawili.

Bi Mwiko alimgeukia mwanawe. "Umewaalika?"

"Mama, niliona... kisije kikabaki. Sikutaka upate aibu."

Kabla hajajibiwa, akaingia jirani wa mlango wa pili na watoto wake watatu. Karani wa mahakama akaziba uso kwa mikono. "Nisamehe, Mama. Na mimi niliwaza hivyo hivyo."

Kisha likaja basi dogo la shule, na dereva wake akashuka akisema ameitwa na Kidude. Nyuma yake wakaja wasichana saba, timu nzima ya mpira wa pete ya shuleni kwa Kalamu.

"Kalamu!" Bi Mwiko alishika kiuno. "Hata wewe? Si hesabu ulifanya mwenyewe?"

"Hesabu niliiamini, Bibi," alisema Kalamu, akiangalia viatu. "Mkono wako ndio sikuuamini."

Bi Mwiko akavuta pumzi ya kuwachamba wote, mmoja baada ya mwingine. Wakati huo huo mlangoni wakatokea wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wasaidizi wake wa zamani wa jiko la bweni.

"Mkuu, tumechelewa?" aliuliza yule mwanamume. "Ulisema tuje na njaa."

Nyumba nzima ikamtazama Bi Mwiko. Pozi lilimwisha.

"Mimi mwenyewe," alisema, "sikujiamini."

Kicheko kilichozuka hapo kilimfanya Kidude aanze kucheka bila kujua sababu. Watu ishirini na watatu, kuku mmoja! Jirani akakimbilia kwake kuchukua ndoo ya viazi na sufuria kubwa, mafundi wakatafuta visu, na kwa kuwa viazi vingechukua saa nzima, Bi Mwiko akarudisha sahani zote tano ndani ya sufuria ndogo akawagawia wageni na wenyeji kijiko kimoja kimoja cha kujikimu.

Yule msaidizi wa zamani alitafuna polepole, akalamba kijiko mbele na nyuma, akakitazama.

"Mkuu," alisema, "miaka thelathini nimekula chakula chako. Sikujua kama unajua kupika."

Bi Mwiko alitaka kukasirika, akashindwa. Mwanawe alikuwa ameshika kijiko chake kitupu, na safari hii hakuwa na utani wowote mdomoni.

"Mama," alisema, "na kesho utupikie. Na keshokutwa."

"Wangapi?"

"Sisi watano tu."

Bi Mwiko alijifuta macho kwa kanga, akasema ni moshi, ingawa jiko lilikuwa la umeme na fundi wake alikuwa amesimama pale pale.