Noko Nsimba Yuko Upande Gani?

Mama yangu yumo ndani ya wimbo, na mtaa wetu wote wa Lemba unajua, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye redio. Muuza nyanya anajua. Mchungaji anajua. Kuna jirani aliyekuja siku moja kuomba chumvi tu, akaondoka na chumvi na habari hiyo.

Kwetu Kinshasa magitaa yanapoanza kukimbia mwishoni mwa wimbo, kipande kile tunachokiita sebene, waimbaji hurusha majina ya watu. Tunasema wanarusha jiwe. Kanali hurushiwa, mwenye baa hurushiwa, mganga wa mapenzi hurushiwa, na kila aliyerushiwa ujue alifungua mkoba kwanza. Mama hakufungua hata kifungo. Alirushiwa bure na pacha wake, mjomba wangu Nsimba, kwa Kilingala Noko Nsimba, aliyekuwa sauti ya pili katika okestra ya Minda, enzi ambazo suruali za wanaume zilikuwa pana kama mahema.

"Nzuzi, mwana wa Lusamba, cheka tukuone!"

Basi, ndiyo hayo tu. Mama ameyaishi kwa miaka arobaini.

Mimi naitwa Plamedi, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya mpango wa ajabu wa Mungu. Mpango wenyewe bado tunausubiri. Wakati nausubiri, nachanganya sauti za muziki katika chumba kilicho nyuma ya jiko la Mama, kuta zake zimezibwa kwa magodoro ili majirani wasiniombee kifo. Mwaka huu kampuni moja ya Ubelgiji inayoshikilia tepu za zamani iliniletea mafaili ya wimbo ule, kila chombo peke yake na kila koo peke yake. Walitaka niutengeneze upya kwa sauti ya pande zote, uingie kwenye programu ya muziki ya simu.

Sauti ya pande zote ni hivi. Zamani tulisikiliza kwa redio ya spika moja, kila kitu kikatoka tundu moja kama pondu, majani na samaki na mafuta kijiko kimoja. Sasa ukivaa hedifoni unakuwa umekaa katikati ya bendi. Gitaa liko hapa, ngoma iko pale, mwimbaji anakupumulia shingoni mpaka unatamani kumwambia asogee.

Nikaamua kila mwanamuziki nimweke aliposimama siku ile. Waliobaki hai ni wawili, nikawauliza. Papa Ekofo, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, alisema alisimama katikati. Pia kulia. Pia kushoto kidogo. Nikampa kulia, na kipande cha mbele ili asinune. Noko Nsimba alisema yeye alikuwa kushoto kabisa, kando ya matoazi ya mpiga ngoma. Nikamweka kushoto kabisa.

Kampuni ilitaka wote wawili wausikilize, kisha watie sahihi kwamba wamekubali. Mmoja akikataa, wimbo unarudi kabatini. Nikawaita Jumapili baada ya ibada, Mama akabandika jungu, maana wazee hawatii sahihi na njaa.

Papa Ekofo alivaa hedifoni wa kwanza.

"NIKO HAPA!" akapiga kelele. "GITAA LANGU LIKO HAPA!"

"Papa Ekofo, sisi hatujavaa. Tunakusikia vizuri."

"MUNGU WANGU, NILIKUWA NAJUA KUPIGA!"

Akafuata Mama. Nilimwomba avue kilemba, akasema kilemba hicho kimetoka kanisani, hakivuliwi kwa ajili ya plastiki. Nikambandika hedifoni juu ya kilemba, akawa kama ndege ya mizigo. Sebene ilipofika aliruka, akageuka kushoto na kuita, "Nsimba! Umeniita!" Noko mwenyewe alikuwa mbele yake, anatafuna karanga.

Kisha ikawa zamu ya Noko. Alikaa wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Wimbo ukapita. Sebene ikaingia, akanyanyua kidole cha shahada, anangoja mahali pake. Nikaona kwenye kompyuta mstari wa sauti yake unapanda na kushuka. Kidole kikabaki juu. Kikakaa juu muda mrefu, halafu kikashuka chenyewe.

Alivua hedifoni, akaziweka mezani polepole kama anayeweka yai.

"Mmemtoa."

"Nani, Noko?"

"Nzuzi. Mimi kutolewa nimezoea. Lakini Nzuzi amewakosea nini?" Akamgeukia Papa Ekofo. "Hata kwenye jalada la santuri ulinikata, ukabakiza kiwiko."

"Ule ulikuwa ni mpiga picha!"

"Mpiga picha aliyetumia mkasi wako."

"Nsimba," Mama akasema, "nimejisikia sasa hivi kwa masikio yangu mwenyewe."

"Unanihurumia, Nzuzi. Tangu tumboni unanihurumia."

"Tumboni ulinipiga mateke mpaka ukatangulia kutoka, nani akuhurumie?"

Hakucheka. Alichukua kofia yake. "Dunia nzima itasikiliza wimbo huu, na dada yangu hayumo. Jina langu halitaingia kwenye karatasi hiyo." Akatoka uani, akakalia kreti ya bia, uso ukutani, jenereta ya jirani inanguruma kulia kwake.

Nilikagua mafaili. Sauti ipo. Tena nilikuwa nimeipandisha kidogo, upendeleo wa damu. Papa Ekofo akasema rafiki yake anazeeka. Nikamuuliza yeye ana miaka mingapi, akasema yeye ni msanii.

Nikapakua samaki na kwanga, mkate wetu wa muhogo, kwenye sahani, nikamfuata mjomba. Nikakaa kwenye kreti ya pili, kushoto kwake, sahani nikamwekea magotini.

"Noko, upo kwenye wimbo. Na Mama yupo. Nakuapia."

Anachambua miiba.

"Njoo nikuonyeshe kwenye kompyuta, utauona mstari wako."

Akachomoa mwiba mwingine. Nikaudhika, na mimi nikiudhika mdomo hutangulia akili.

"Una kichwa kigumu kama kwanga ya wiki iliyopita."

Nilipomaliza tu nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Kwetu Wakongo mjomba ndiye mwenye ulimi wa baraka na laana. Akikunenea vibaya huolewi, husafiri, nywele zenyewe zinakataa kusukwa. Nikangoja radi. Radi haikuja. Mjomba akatia samaki kinywani.

Nikajaribu tena, kisayansi. "Na viatu vyako vinanuka, Noko."

Anatafuna.

"Na Mama anasema ulipozaliwa mkunga aliomba msamaha."

Akameza, akazungusha kichwa chote mpaka tukatazamana. "Mbona umekaa kimya namna hiyo? Hata pole huwezi kumwambia mjomba wako?"

Kicheko changu kilikuwa njiani kikaishiwa nguvu.

"Pole, Noko," nikasema, safari hii usoni kwake. Kisha nikaenda jikoni.

"Mama. Sikio lake la kushoto."

Mama aliendelea kukoroga. "Mwaka wa tisa huu. Matoazi yalilila kidogo kidogo, siku moja yakamaliza. Unafikiri natembea kulia kwake miaka yote hii nafuata kivuli?"

"Mbona hukuniambia?"

"Sikio ni lake. Hata mimi hajaniambia, nimejua tu. Mwimbaji ukimtangazia kwamba hasikii, umemvua suruali sokoni."

"Sasa nifanye nini?"

"Wewe ndiye mwenye mashine. Mimi nina jungu."

Nilirudi chumbani nikakaa mbele ya kompyuta. Kumhamisha ni kazi ya dakika mbili; namtoa kushoto, namleta kulia, namwambia sikiliza tena. Lakini namjua mjomba wangu. Angesema, ndiyo, baada ya kelele zangu mmemrudisha, kwa hiyo kweli mlimtoa. Angetia sahihi labda, na angeondoka na jeraha lake mfukoni. Ilibidi ausikie uleule alioukataa, bila mimi kugusa kitu.

Ndipo nikaziangalia hedifoni. Zina kitu ndani kinachojua kichwa chako kimegeukia wapi. Kikiwashwa, ukigeuka bendi haigeuki nawe. Gitaa linabaki pale lilipokuwa, wewe ndiye unayelizungukia, kama vile uko ukumbini kweli. Nilikuwa nimekizima asubuhi, nikihofia Papa Ekofo atacheza, gitaa litamhama sikio moja kwenda jingine, aseme nimemwibia. Nikakiwasha.

Mama ndiye aliyemrudisha Noko. Alimwambia asipoingia hatapata samaki wa pili.

"Noko," nikasema, nimesimama mbele yake, "mara ya mwisho. Usiposikia, karatasi naichana mwenyewe. Lakini niambie, siku ile ulipoimba ulikuwa unaangalia wapi?"

"Nilikuwa naangalia watu."

"Mwongo huyo!" Papa Ekofo akadakia. "Alikuwa anamtazama mpiga ngoma, Mungu amrehemu, kwa sababu alikuwa hajui aingie lini!"

"Nilikuwa najua kuingia! Nilimgeukia kwa heshima!"

"Ulimgeukia kwa woga. Wimbo mzima watu walikuwa wanaona kisogo chako."

Papa Ekofo hajawahi kunisaidia kitu maishani mwake, na hata siku hiyo hakujua. "Basi sebene ikifika mgeukie tena, Noko," nikasema. "Kwa heshima. Ngoma iko kushoto kwako."

Akavaa, amenuna. Sebene ilipoingia aliinuka, akaanza kugeuka taratibu kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemtarajia. Robo ya mzunguko, akasimama. Najua kilichotokea hapo. Kijana wa miaka ishirini na sita, ambaye hadi dakika hiyo alikuwa mnong'ono nyuma ya gitaa, alikuja akasimama usoni kwake. Noko akazidi kugeuka, polepole, hadi kijana yule akafika upande wa kulia, sikioni kabisa. Sasa mjomba alikuwa ametupa kisogo sisi sote, pua yake iko kwenye godoro.

Kidole kikapanda.

"NZUZI!" Akapiga kelele kama wote wanaovaa hedifoni, sauti imepasuka katikati kama chungu. "MWANA WA LUSAMBA! CHEKA TUKUONE!"

Mama alikuwa mlangoni na mwiko. Alicheka kweli, kicheko kikubwa cha sokoni, halafu akauma kanga yake na mabega yakaendelea bila sauti. Mimi nilitazama kompyuta. Kompyuta haikuwa na kitu cha kutazama.

Wimbo ulipoisha, mjomba alisema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasikiliza akiwa amegeuka. "Rudisha." Safari hii alikaa kitini, uso mbele, wima. Nikamwona anasikiliza mahali pale, kisha anageuka kidogo, kisha anarudi. Anageuka, anarudi. Mara nne. Si mjinga, mjomba wangu.

Akavua hedifoni, akazishika mapajani.

"Kwa hiyo nikikaa kama Mkristo, dada yangu hayupo. Nikikaa kama mwizi anayechungulia, yupo."

Papa Ekofo alifungua mdomo, Mama akamwelekezea mwiko, mdomo ukafungwa.

"Plamedi."

"Noko."

"Mtu mwenye sikio moja akisikiliza wimbo huu kwenye simu yake, anasikia nini?"

"Anasikia vizuri nusu ya bendi."

"Nusu ipi?"

"Ikiwa limekufa la kushoto, nusu ya Papa Ekofo."

"Ee Mungu, maskini." Akasema, akimtazama Mama na si mimi, "Langu lilikufa zamani. La kushoto."

"Najua, Nsimba," Mama akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu uanze kuniacha nichague viti. Wewe hujawahi kuwa na adabu kiasi hicho."

Mjomba akatikisa kichwa, na nikaona anataka kucheka na hataki tumwone. Akanigeukia. "Usiuachie hivi. Mimi nimeshajua kugeuka. Huyo wa kwenye simu hatajua, atadhani walimtoa mtu wake. Na watu wa sikio moja mjini hapa si wachache. Kuna wapiga ngoma, kuna mafundi wa vinu, kuna waliopigwa kofi na wanajeshi. Waweke wanaoitwa majina mahali ambapo kila mtu atawasikia."

"Nikuweke katikati, Noko?"

"Mimi niweke hata chooni. Ninapowaita watu, hapo ndipo uniweke katikati."

"Ngojeni!" Papa Ekofo akasimama. "Katikati nilisimama mimi!"

"Ekofo," mjomba akasema kwa upole, "sogea."

Nilifanya kazi hiyo wakiwa wamekaa nyuma yangu wote watatu, jambo nisilomwombea hata adui. Noko anaimba ubeti wake kushoto, kando ya matoazi, kama alivyosimama. Sebene ikifika anatembea hatua chache hadi mbele yako, anarusha majina yote, la kanali, la mwenye baa, la mama yangu, kisha anarudi mahali pake. Noko alisikiliza akiwa amekaa wima, akatia sahihi bila kusoma. Papa Ekofo alisoma karatasi mara mbili, na kabla ya kutia yake alinitaka nimwonyeshe kwa vidole umbali uliopo kati ya gitaa lake na pua ya msikilizaji. Nikamwonyesha. Akasema punguza kidogo.